Damu Iko Sita

Dada aliporudi kutoka hospitali hakunisalimia. Alinipa karatasi iliyokunjwa mara mbili, akaingia chumbani kumlaza mtoto. Ilikuwa Desemba, Isevya imejaa harufu ya maembe yaliyopasukia chini, na watoto wa jirani walikuwa bado wanarusha fimbo mtini ingawa giza lilishaanza kuingia. Nikaifungua karatasi chini ya taa ya barazani. Hemoglobini 6.2. Chembe nyeupe 18,000. Hemoglobini F asilimia 9. Hemoglobini A haipo. Chini kabisa mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa haraka: SS.

"Damu iko sita," dada alisema alipotoka. Ndivyo tunavyosema huku, kana kwamba damu ni maji ya kisima na mtu ameteremsha kamba kupima kina. Kisha akaketi kwenye ngazi. "Kaka, wewe umesoma. Hizi namba zinasema ataishi?"

Nilisoma historia. Lakini nyumbani kwetu mtu aliyefika chuo kikuu anahesabiwa kuwa anaweza kusoma chochote, kuanzia mkataba wa kiwanja hadi damu ya mtoto, na usiku ule sikuwa na ujasiri wa kumwambia dada kwamba kusoma kwangu kunaishia kwa watu waliokwisha kufa.

Tulikuwa na mdogo wetu wa kiume. Alifariki akiwa na miaka minne, na ugonjwa wake haukuwahi kupewa jina. Mara ilikuwa malaria, mara baridi yabisi, mara tukaambiwa ni macho ya watu. Ninachokumbuka ni vidole vyake vilivyovimba kama maandazi, macho ya manjano, na bibi akimkanda miguu kwa maji ya moto usiku kucha huku akiimba taratibu ili sisi wengine tusiamke. Tulikuwa macho. Dada naye alikuwa macho. Kwa hiyo alipouliza swali lake kwenye ngazi, alikuwa anauliza kuhusu watoto wawili.

Nikafanya kile ambacho watu wa fani yangu hufanya wanapoogopa. Nikaenda kutafuta maandishi.

Mtu wa kwanza ambaye damu yake ilisomwa na kuandikwa kwenye jarida la kitabibu alikuwa kijana kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Mwaka 1904 aliingia hospitali akiwa na kikohozi na homa. Daktari mwanafunzi, Ernest Irons, alitazama damu yake kwenye hadubini akaona chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Mkubwa wake, James Herrick, alichapisha habari hiyo mwaka 1910. Hawakujua maana yake. Noel alimaliza masomo, akarudi Grenada, akafungua kliniki ya meno, akafa mwaka 1916 kwa nimonia akiwa na miaka 32. Nilikaa na habari hii kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Walimwona, wakamchora, na hakuna kilichobadilika katika safari yake.

Swali la dada, yaani swali la kesho, liliingia kwenye maandishi kwa mlango mwingine. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aligundua kwamba watoto wachanga waliorithi ugonjwa huu hawakuwa na chembe nyingi zilizopinda. Walionekana wazima, ugonjwa ukaja miezi baadaye. Alihisi sababu ilikuwa ile damu ambayo mtoto huja nayo kutoka tumboni. Kila mtoto anazaliwa na hemoglobini ya aina yake, ambayo siku hizi tunaiita F, na katika miezi ya mwanzo mwili huiacha na kutengeneza ya ukubwani. Kwa mwenye selimundu ile ya ukubwani ndiyo mbovu. Kadiri F inavyobaki, ndivyo chembe zinavyokataa kupinda. Mwaka uliofuata, 1949, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa ni tofauti kabisa na ya wengine, na tangu hapo ikawa inawezekana kuandika kwenye karatasi, kwa tarakimu, mtoto amebakiza kiasi gani cha damu ya tumboni.

Mpwa wangu alikuwa amebakiza asilimia 9. Alikuwa na mwaka na miezi minane, na kiwango hicho huendelea kushuka mpaka mtoto akaribie miaka mitano.

Sasa nilikuwa na mstari mmoja niliouelewa, na kama msomaji yeyote mwenye haraka nikadhani nimeelewa ukurasa wote. Nikatafuta nani duniani ana F nyingi. Jibu likanishtua kwa sababu lilinirudisha nyumbani. Katika miaka ya 1970 madaktari waliandika kuhusu watu wa mashariki ya Saudi Arabia wenye selimundu ambao ugonjwa wao ulikuwa mwepesi mno. F yao ilikuwa juu, karibu asilimia 20 na wengine zaidi. Wengi wao waliumwa mara chache, wakazeeka.

Sababu ilitafutwa kwenye majirani wa jeni. Jeni la selimundu, kama nyumba yoyote ya Isevya, lina nyumba nyingine pembeni, na mpangilio wa nyumba hizo hurithiwa pamoja nalo. Mwaka 1984 watafiti walikuta mipangilio tofauti kwa watu wa Benin, wa Senegal na wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Muda mfupi baadaye ukaongezwa mwingine wa Waarabu na Wahindi. Ule wa Afrika ya Kati ukaitwa Bantu, na ndio unaotawala huku kwetu. Ukisoma makala za miaka ile utakuta zimepangwa kama matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Senegal na Arabuni juu, F nyingi, ugonjwa mwepesi. Bantu mkiani.

Nakiri kwamba nilikasirika. Hata damu imepewa daraja?

Halafu nikakuta makala ambayo naamini kila mtu aliyekulia Tabora angepaswa kuoneshwa. Shahina Daar na wenzake, waliowachunguza wagonjwa wa Oman, hawakuwa wakizungumzia bandari. Walizungumzia jeni. Kwenye damu ya Waomani waliikuta mipangilio mitatu pamoja: wa Benin, wa Waarabu na Wahindi, na wetu, wa Bantu.

Wa kwetu ulifikaje Muscat? Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, mahali pakiitwa Kazeh, walipokelewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliyekuwa na makazi hapa kwa miaka mingi. Njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na kuvuka ziwa kwenda Manyema, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na zote zilishuka pwani. Pembe za ndovu zilipita hapa mabegani mwa watu. Watu wengine walipita hapa bila mzigo wao wenyewe, kwa sababu wao ndio walikuwa mzigo. Miembe ya mji huu tunayoisifia kivuli ni ya wakati ule. Na damu haikwenda upande mmoja tu. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa za biashara, masuria, watoto wa nyumba kubwa na watoto wa uani: vyote vimeandikwa mahali ambapo hakuna aliyekusudia kuandika.

Bibi yetu mzaa baba alisema mama yake alitoka "ng'ambo ya ziwa". Ukimuuliza alikujaje, alikuwa anakumbuka kwamba ana chungu jikoni. Serikali ya Waingereza ilifuta utumwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, si zamani kiasi hicho. Mama huyo wa bibi alikuwa hai. Nimesoma nyaraka nyingi za misafara na sijawahi kumwona. Lakini kama mpwa wangu ana jeni hili pande zote mbili, basi mtu fulani alilibeba akitembea. Huenda ni yeye. Huenda ni Mnyamwezi mpagazi aliyekwenda pwani kwa hiari yake na kurudi na shanga. Hakuna aliyepima, na si kazi ya hospitali kupima.

Kwa nini jeni lenye madhara hivi limebaki kwetu kwa wingi, hilo nalo lilijibiwa kwa kutembea na sindano Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu mwaka 1949 akaona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji wa jeni moja walikuwa wengi, zaidi ya mmoja kati ya watano sehemu nyingine, lakini kwenye nyanda za juu karibu hawakuwepo. Ramani hiyo ilikuwa ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha kwamba mwenye jeni moja anakingwa dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mawili ndiye anayelipia wenzake. Dada ana jeni moja, shemeji ana moja. Walipooana Isevya, kwa pilau na ngoma, hakuna aliyejua kwamba kwa kila mimba wangekuwa na nafasi moja kati ya nne.

Nilimsomea dada sehemu hii ya misafara. Alisikiliza kwa adabu, akimpepea mtoto.

"Kwa hiyo inasema tulikotoka," akasema. "Mimi nimekuuliza anakokwenda."

Alikuwa na haki. Na zaidi ya hapo, lile daraja la mkiani lenyewe limeanza kuchakaa. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walisoma jenomu nzima badala ya majirani wachache, wakahitimisha kwamba jeni la selimundu lilizaliwa mara moja tu, takriban miaka 7,300 iliyopita. Majina yale ya Bantu na Benin yanatuonesha njia watu walizopita, basi. Mtoto mmoja mmoja hayasemi mengi juu yake. Watoto wawili wa ukoo mmoja wanaweza kutofautiana F kwa mbali.

Nikarudi kwenye karatasi. Saa nane usiku, simu ikiwa na asilimia kumi ya chaji, nikakuta makala ya Marekani ya mwaka 2000. Wamewafuatilia watoto 392 tangu uchanga, na 70 kati yao mambo yalikwenda vibaya: kifo, kiharusi, maumivu ya mara kwa mara, mapafu kushambuliwa tena na tena. Waandishi walitafuta ishara za mapema wakapata tatu. Vidole vya mikono au miguu kuvimba kabla ya mwaka mmoja. Hemoglobini chini ya 7 katika mwaka wa pili. Chembe nyeupe nyingi bila maambukizi.

Mpwa wangu alivimba vidole akiwa na miezi tisa. Hemoglobini 6.2. Chembe nyeupe 18,000. Zote tatu.

Sikumwambia dada. Nilikaa barazani mpaka adhana ya alfajiri, nikiwaza maandazi.

Siku mbili baadaye, nikiwa nimetulia kidogo, nilisoma tena kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu kusoma: neno kwa neno, na kuuliza shahidi alikuwa wapi. "Bila maambukizi." Mtoto alipimwa akiwa na kikohozi na homa, ndiyo sababu alipelekwa. Ile 18,000 haikuwa ushahidi. Tena mwaka 2008 watafiti wa Dallas walijaribu ishara hizo hizo kwa watoto wao wenyewe, na hazikufanya kazi. Vidole havikutabiri kitu, hemoglobini haikutabiri, chembe nyeupe zilitabiri kwa udhaifu, na wengi wa waliopatwa na mabaya hawakuwa wamewekwa kwenye kundi la hatari. Nimesoma baadaye kwamba madaktari wa watoto wenye lupasi wana kiu hiyo hiyo: hupima protini za C3 na C4, na kingamwili dhidi ya DNA, wakitumaini kuliona shambulio kabla figo hazijaumia, na wao pia hukuta damu ikisema kweli kwa mtoto huyu na kunyamaza kwa yule.

Kilichonisaidia zaidi kilitoka karibu. Kuanzia mwaka 2004 Julie Makani na wenzake pale Muhimbili waliwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia. Matokeo waliyochapisha mwaka 2011 yalihusu wagonjwa 1,725; katika muda huo 86 walifariki. Waliuliza swali la dada kwa lugha yao: nini kwenye damu kinakwenda pamoja na kifo? Majibu hayakuwa na fahari yoyote. Hemoglobini chini ya 5. Bilirubini iliyopanda sana, ile inayotia macho manjano. Vipimo vya kawaida. Bibi angeviona kwa jicho, viganja vyeupe na macho ya manjano, ila hakujua kwamba vina jina wala kwamba kuna mahali pa kuvipeleka.

Na lilikuwepo jambo la tatu ambalo si la damu. Vifo vilikuwa vingi zaidi kwa walio chini ya miaka mitano: 7.3 kwa kila miaka 100 ukijumlisha muda wote waliofuatiliwa, wakati kwa wagonjwa wote kwa jumla ni 1.9. Hapo nikakumbuka kwamba waliohesabiwa ni waliofika Muhimbili. Mdogo wetu hakufika popote pa kuhesabiwa. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Huko Mwanza, watafiti wa Bugando walichukua kadi za damu kavu ambazo zilishakusanywa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wachanga wa mikoa tisa ya kaskazini-magharibi, sampuli 17,200, wakazipima upya kwa selimundu. Asilimia 20.3 walikuwa na jeni moja, asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa. Damu ilikuwa tayari kwenye droo, ikisubiri mtu aiulize swali la pili.

Na jibu la swali hilo lina dawa. Mwaka 1986 jaribio la Marekani lilionesha kwamba mtoto mwenye selimundu akipewa penisilini kila siku, maambukizi makali ya nimokoka yanapungua kwa asilimia 84. Penisilini! Dawa iliyokuwa kwenye kabati la kila zahanati wakati mdogo wetu anaumwa. Kwa mtoto wa umri wake, kipimo chenye thamani kuliko vyote kilikuwa kile cha ndiyo au hapana, na kingetakiwa kufanywa wiki aliyozaliwa.

Nilimwambia dada haya yote kwa mpangilio mbovu, jikoni, akiwa anachambua mchele. Aliacha kuchambua niliposema kuhusu penisilini. Hakulia. Aliuliza ilikuwa bei gani wakati ule, nikasema sijui, akasema, "Baba angeuza baiskeli."

Jambo la F nililiacha mwisho kwa sababu nilikuwa naliogopa. Asilimia 9, na inashuka. Lakini kumbe mstari huo ndio pekee kwenye karatasi unaoweza kusukumwa. Tangu miaka ya 1980 ilijulikana kwamba haidroksiyurea, dawa iliyotumika kwa saratani, huuamsha mwili utengeneze tena F. Kwa miaka mingi swali lilikuwa kama ni salama kwa watoto wa Afrika wenye malaria na utapiamlo. Jaribio la REACH likawapa dawa hiyo watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na matokeo yakachapishwa mwishoni mwa 2018. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria pia ilipungua. Daktari wa mpwa wangu aliianza alipofikisha miaka miwili, na akatuonya kwamba bila kupima damu kila baada ya muda haitoi, kwa sababu chembe nyeupe zinaweza kushuka kupita kiasi. Vidonge ni vya watu wazima. Dada hufungua kapsuli juu ya sahani safi, akiwa amevaa glavu, na kugawa unga kama mtu anayegawa urithi. Mwezi mwingine dukani haipo. Mwezi mwingine ipo, na bei imepanda.

Karatasi ya mwezi wa tisa ilisema hemoglobini 8.1, F asilimia 19. Dada aliibandika ukutani kando ya kalenda ya msikiti.

Jirani yetu wa upande wa barabara ni bi mkubwa ambaye babu yake alitoka Oman, na hakuachi usahau. Binti yake aliolewa Muscat na huko amezaa. Jumamosi iliyopita alivuka barabara na khanga yake kichwani, akakuta mpwa wangu anapanda mwembe kwa mara ya tatu siku hiyo, akamtazama kwa muda.

"Nasikia wewe unasoma hizi," akaniambia. Akatoa simu kwenye khanga. Ilikuwa picha ya karatasi, Kiarabu kulia, Kiingereza kushoto, imepigwa kwa haraka, na kidole cha mtu kimeingia pembeni. "Mjukuu wangu. Ana miezi saba. Wamesema anao huu wa kwenu."

"Wa kwetu, bibi."

Hakujibu hilo. Nikampa kiti, nikaikuza picha kwa vidole, nikaanza kutafuta mstari wa F.